Gari la Jonah Halizimi Tena

Jioni moja ya Novemba, mwaka wa themanini na sita, Ndeti fundi wa magari alifunga karakana yake pale Kwa Vonza, akalikaza boksi kwenye karia ya baiskeli kwa mpira, akashika njia ya kwenda kwa Mama Muthoki. Kazi ilikuwa kama kazi nyingine. Ndani ya boksi mlikuwa na mtambo mpya wa kuwashia gari, ule wa elektroniki, aliouagiza Nairobi na kuungoja wiki tatu. Ukishaufunga kwenye injini, platini za zamani unazitupa, na gari linawaka hata asubuhi ya baridi bila kubembelezwa.

Ningesema alikuwa na furaha, lakini ningekuwa namsingizia. Nyumbani alikuwa amemwacha Nzilani, bintiye wa miaka tisa, amelala kando ya ukuta, mbavu zinahesabika. Tangu Agosti mtoto alikuwa anakataa uji. Hospitalini walipima damu, wakapima choo, wakasema hawaoni kitu. Na kabla yake, mwaka uliotangulia, kaka yake Musembi alishikwa na tumbo Jumatatu akazikwa Ijumaa. Ndeti hakuwa na mtoto mwingine. Mkewe, Kalunde, alikwenda kwa mganga kwa siri akarudi na jibu moja tu: katika nyumba hii kuna neno halijasemwa. Mume na mke wakakaa wakilitafuta neno hilo, wakachekecha miaka yote ya ndoa yao, wasilipate.

Sasa nikueleze habari za gari lenyewe, maana bila hizo hutaelewa kitu.

Lilikuwa Mustang nyekundu ya mwaka wa sitini na saba, silinda nane. Mzungu mmoja aliyekuwa meneja huko Sultan Hamud alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia dereva wake, Jonah, mwana wa pekee wa Muthoki. Watu waliliita Nzau, yaani fahali, kwa ile ngurumo yake. Ulilisikia kabla hujaliona. Jonah alilipenda mpaka mama yake akawa anamtania, "Sasa hilo ndilo utaniletea kama mke?" Na mtu mmoja tu aliruhusiwa kufungua boneti yake. Huyo ni Ndeti, rafiki yake tangu siku za kuchunga mbuzi.

Mwaka wa themanini na nne, baada ya ule ukame mbaya, mvua ilirudi kwa hasira. Unajua mito yetu. Miezi kumi ni mchanga mtupu, halafu mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yanakuja kama ukuta na hapo ulipo hakujaanguka hata tone. Jonah alifika mtoni jioni, akaingia kwenye drifti, kile kivuko cha saruji kinachokatiza mchanga, ikiwa kavu. Katikati, Nzau akazima. Watu waliokuwa ng'ambo walisikia stata ikizunguka... nye-nye-nye... nye-nye-nye... na nyuma ya sauti hiyo wakasikia maji yakija. Walimpigia kelele atoke, akimbie. Hakutoka. Alidhani itawaka. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo hata maji yalipofunika vioo.

Gari lilipatikana chini ya mto, limekwama kwenye mwamba. Wakalivuta kwa ng'ombe, Jonah akiwa ndani.

Siku ya mazishi wazee walimsimamisha Ndeti mbele ya watu wakamwuliza kama gari lilikuwa na kosa, kwa maana asubuhi ile ile yeye ndiye aliyelishughulikia. Na Ndeti, kwa uchungu, na pia kwa yale majivuno ya fundi, tusifichane, akajibu: "Mashine ilikuwa nzima. Maji yalikuwa hayajafika. Haiwezi kuzima yenyewe. Hapo kuna mkono wa mtu."

Mkono wa mtu. Kwetu, neno hilo ukilitamka kaburini, lazima mtu apatikane.

Alipatikana Syokau, mke mwenza wa Muthoki, mama mzee asiyekuwa na mtoto. Kikaletwa kithitu, kile kiapo cha zamani kinachomla mwapaji na uzao wake akisema uongo. Kilonzo, mwenye kukitunza, alikiweka chini, na watu wakakipiga kwa kijiti mmoja mmoja. "Kama mkono wangu uko katika kifo cha Jonah, kinile mimi na wanangu." Muthoki, kwa kuwa ndiye aliyeshtaki, aliongeza lake: "Nami nikiujua ukweli nikauficha, kinile." Ndeti alipofikiwa alikipiga kwa nguvu, bila wasiwasi wowote. Syokau alikataa.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Ndiyo yangu ni ndiyo, na siyo yangu ni siyo."

Aliyekataa kithitu, machoni pa watu, amekwisha kukiri. Jioni hiyo nyumba yake ya nyasi ilichomwa, na kiberiti kilikuwa mkononi mwa Muthoki. Mama mzee aliondoka na Biblia na shuka moja. Siku ya tatu wakamkuta mchangani, mtoni, amekufa. Watu wachache wa kanisa lake walimzika palepale ukingoni, na mvua iliyofuata ikalichukua kaburi.

Basi ikapita miaka miwili. Jonah akaanza kumjia mama yake ndotoni, maji yanamtiririka, anauliza nyumba yake iko wapi. Alikuwa amekufa hajaoa, na wazee wanajua dawa ya hilo: mama anaweza kumwolea mwanawe mke hata kama ameshalala kaburini, na watoto watakaozaliwa wataitwa wa Jonah. Msichana akapatikana. Muthoki akataka jambo moja tu, kwamba bibi arusi aletwe kwa gari la mumewe.

"Na usiniwekee vile vitu vya zamani," alimwambia Ndeti. "Niwekee kitu kisichoweza kuzima."

Ndeti alikuwa amelihangaikia gari hilo miezi miwili. Alitoa mchanga kwenye silinda, akaosha kabureta, akabadilisha mipira yote. Distribiuta peke yake, ile inayogawa cheche na ambamo platini hukaa, hakuifungua, maana vya ndani yake vyote vilikuwa vya kutupwa. Kazi hiyo aliiacha mpaka mtambo mpya ufike. Na sasa ulikuwa umefika, na arusi ilikuwa kesho yake.

Muthoki alimpokea uani, mikono imejaa unga.

"Nzilani anaendeleaje?"

"Bado, mwaitu." Alikuwa akimwita hivyo, mama yangu, tangu utotoni.

"Pole mwanangu. Mungu yuko." Akarudi jikoni, upande wa pili wa uwanja, kuendelea kupikia wageni.

Gari lilikuwa ndani ya stoo ya mabati walimokuwa wakiweka mahindi. Ndeti aliacha milango wazi, lakini jua lilikuwa limeshazama na mle ndani giza lilianza kukaa. Alitoa betri akaiweka sakafuni, kama fundi yeyote mwenye akili. Akashika tochi kwa meno, akainama juu ya injini, udenda unamtoka, shingo inamuuma.

Mkono ukaja kutoka kushoto kwake. Ukaitwaa tochi polepole, ukaielekeza palepale alipotaka kuona.

"Asante, mwaitu," alisema bila kugeuka.

Mwanga ulitulia kabisa. Haukutikisika hata kidogo. Kulikuwa na harufu ya moshi, naye akadhani ni ya jikoni, ingawa ilikuwa kali zaidi, ya nyasi kavu zilizoungua. Akabandua vibanio viwili, akainua kifuniko cha distribiuta. Mchanga mkavu ukamwagika. Akatoa rota inayozunguka mle ndani, akapuliza.

Kisha akaona.

Platini ni vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga, na katika kule kufunguka ndiko cheche inapatikana. Lazima viachane kwa nafasi nyembamba. Ndeti, kama mafundi wengi wa wakati ule, alipima nafasi hiyo kwa kipande cha kasha la kiberiti. Ukishapima, unakaza skrubu moja inayoshika kila kitu mahali pake. Isipokazwa, platini zinasogea kidogo kidogo barabarani mpaka zinafumba. Zikifumba hakuna cheche, na uzungushe stata mpaka kiyama.

Platini za Nzau zilikuwa zimefumba. Na skrubu ilikuwa imesimama juu, nyuzi mbili nje ya kitako chake, kutu imeishika palepale alipoiacha.

Asubuhi ile ikamrudia yote. Alikuwa ameshapima. Ameizungusha skrubu kwa vidole tu, anataka kuchukua bisibisi, Muthoki akamwita kutoka jikoni: "Ndeti, njoo ule muthokoi ungali moto, chuma hakikimbii." Mama akikuita kula, unakwenda. Alikula yale mahindi ya kukoboa na maharage, akashiba, wakacheka na Jonah. Akarudi, akaona kila kitu kimekaa sawa, akafunga kifuniko. "Haya, nenda," akamwambia rafiki yake.

Hakuikaza.

"Umeona?" Sauti ilikuwa ya chini, karibu na sikio.

"Nimeona," Ndeti akanong'ona.

"Basi sema."

Alitaka kujibu. Na hapo hapo, kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja, akamsikia Muthoki akikohoa, akisukuma sufuria, akiita kwa sauti: "Ndeti... chai utakunywa?"

Mwanga wa tochi ulikuwa bado juu ya skrubu. Umetulia vilevile.

Ndeti hakugeuka. Alitazama tu pembeni kwa jicho moja, chini, akaona ncha ya shuka, imeungua ukingoni. Kisha tochi ikaanguka, ikagonga bampa, ikazima.

Giza.

Nye-nye-nye...

Ilitoka ndani ya gari, mbele yake, chini ya mikono yake. Feni ya injini haikusogea. Betri ilikuwa sakafuni, aliigusa kwa mguu akaisikia ipo. Nye-nye-nye... Harufu ya moshi ikaondoka, ikaja ya tope bichi la mtoni. Nye-nye-nye... taratibu, inachoka, kama mtu anayejua haitawaka lakini hana la kufanya lingine.

Ikakoma.

Muthoki alikuja mbio na taa ya mkono. "Umeiwasha? Nimesikia." Akamkuta fundi amepiga magoti kwenye vumbi, analia bila sauti.

"Mwaitu, keti kwanza."

Akamwambia yote. Hakupunguza kitu. Muthoki alisikiliza amesimama, kisha akaomba aonyeshwe. Ndeti akamulika. Mama akanyoosha kidole, akaigusa ile skrubu kwa ncha ya ukucha.

"Kumbe ni muthokoi wangu," alisema.

"Siyo muthokoi. Ni mkono wangu."

"Ni mimi niliyekuita."

Ndeti akamshika miguu. "Mwaitu, kesho kabla ya arusi tumwite Kilonzo na wazee. Kithitu ulikileta wewe, na ni wewe tu unayeweza kukirudisha. Nitasema mbele yao. Waniamulie watakalo, nitakubali. Musembi kimeshamla. Nimebaki na mtoto mmoja."

"Mimi sina hata mmoja."

Nondo alikuwa akijigonga kwenye kioo cha taa.

"Na Syokau?" Muthoki akanong'ona. "Syokau nitamwambia nini?"

Ndeti akaiachia miguu yake.

"Funga mtambo wako," mama akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Kesho nampokea mke wa mwanangu. Siwezi kusimama mbele yake niitwe muuaji. Wazee hawatalisikia hili, si kwangu wala kwako. Umeshaniambia mimi. Inatosha."

Alimbembeleza. Alilia kama mtoto mdogo. Muthoki akatikisa kichwa tu, akaenda kusimama mlangoni, amejifunika kanga, mgongo wake kwake.

Sikulaumu ukisema Ndeti angeacha kazi ile aende zake. Lakini alikuwa ameshamnyima mama huyo mwana, akaona hawezi kumnyima na arusi. Akatoa platini na skrubu yake, akazitia mfukoni. Akafunga mtambo mpya: sumaku mahali pa vyuma, boksi dogo kwenye ukuta wa injini, koili mpya, nyaya mpya. Hakuna cha kugusana, hakuna cha kusogea. Safari hii alikaza kila skrubu mara tatu. Akarudisha betri, akazungusha ufunguo.

Nzau akashika mara moja. Hakukohoa. Alinguruma chini chini, sawasawa, kwa namna ambayo Jonah hakuwahi kuisikia maisha yake yote. Ndeti akapunguza mwendo wa injini mpaka chini kabisa, akitaka kuona itakufa lini. Haikufa.

"Haizimi?" Muthoki akauliza kutoka mlangoni.

"Haizimi, mwaitu. Mpaka mafuta yaishe."

"Niachie ufunguo."

Akamwachia.

Alipofika nyumbani alimwona Kalunde kizingitini, uso umelowa machozi, na baiskeli ikamponyoka mikononi. Lakini Kalunde alikuwa akicheka ndani ya yale machozi. Nzilani alikuwa ameketi. Alikuwa na bakuli la pili la uji.

"Tangu saa ngapi?"

"Giza lilipoingia tu. Akaamka akasema ana njaa."

Mtoto akafuta mdomo. "Kuna nyanya alikuja akanishika kichwa. Ananuka moshi. Amesema baba ameshasema."

Kalunde alimtazama mumewe. Yeye hakuwa ameona mtu akiingia, na mlango ni mmoja.

Asubuhi Ndeti alivaa shati lake jeupe akaenda kuendesha gari la arusi. Alikuwa ameamua njiani: Muthoki atake asitake, atapita kwa Kilonzo kwanza. Kilonzo alikuwa tayari amekwenda arusini. Basi Ndeti akaendelea, na alipokaribia boma akasikia ngurumo, ya chini, sawasawa. Akadhani mama amemwomba mtu aliwashe mapema. Uani wanawake walikuwa wakipakua chakula. Walimwambia Muthoki hajaonekana tangu waamke, na lile gari wamelikuta likinguruma, wakadhani fundi yuko mle ndani.

Milango ya stoo ilikuwa imefungwa kwa komeo, kutoka ndani.

Walipoivunja, hewa ilitoka ya buluu na ya moto, wakarudi nyuma wakikohoa. Muthoki alikuwa ndani ya gari, kiti cha abiria, amevaa kitenge chake kipya cha arusi, mikono mapajani. Uso wake ulikuwa umetulia. Miguu yake ilikuwa na mchanga mbichi mpaka vifundoni, na mvua ya mwaka ule ilikuwa bado haijaanza. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa chapachapa. Injini ilikuwa inanguruma tu. Ndeti akapenyeza mkono, akazungusha ufunguo, na kimya kilichofuata kikamwumiza masikio.

Polisi waliandika kwamba ni moshi wa gari, na hawakukosea. Mtu akijifungia na gari linalowaka ndani ya mabati, huo ndio mwisho wake. Lakini Ndeti alijua jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Katika hewa mbovu kama ile, platini za zamani zingekohoa zikazima ndani ya nusu saa. Pengine mama angeamka na kichwa kinamuuma, akatoka nje. Mtambo alioufunga yeye haukukohoa.

Safari hii alisema. Alisimama mbele ya wazee na bibi arusi aliyekuja kwa miguu, akatoa skrubu mfukoni akaiweka chini, akaeleza tangu muthokoi mpaka ufunguo. Wanawake walilia kwa ajili ya Syokau, wengi wao kwa mara ya kwanza. Kilonzo akauliza jambo moja tu.

"Muthoki alijua jana, akakataa tusiambiwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kithitu kilikuwa kimeshakuachia wewe, kikabaki na kiapo chake yeye," Kilonzo akasema, akainuka, na hakutaka kuulizwa zaidi. Bibi arusi alirudishwa kwao siku hiyo hiyo. Alikuwa amefiwa na mume asiyemjua na mama mkwe asiyewahi kumsalimia.

Nzilani alinenepa. Kufikia Krismasi alikuwa anakimbizana na mbuzi, anaimba, anaitisha chakula kila saa, na Kalunde anamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Ndeti alikuwa akimtazama akila. Kila tonge lililoingia mdomoni mwa mtoto yule lilimfurahisha, na kila tonge lilimkumbusha mama aliyemwita kula. Jioni moja alishindwa kujizuia, akalia pale pale mezani. Mtoto akaacha kutafuna.

"Baba, mbona unalia na mimi nimepona?"

Ndeti akamsogezea bakuli, akamwambia ale.